Vakansi ya marafiki: Nepal inauza njia ya miguu, sisi tunauza mabariere

Tuseme kuna marafiki sita pale Kama, wilaya ya Pangi. Wawili ni walimu, mmoja muuguzi, mmoja anauza mchele, wawili wanachimba dhahabu. Wameanzisha likelemba, lakini si ile ya kununua mabati wala ya kulipa pesa za shule. Wanataka kwenda vakansi pamoja, na nchi wanayoitaja ni Nepal: kutembea kwa miguu katika milima ya Himalaya mpaka chini ya Everest. Habari hiyo ikifika sokoni, kitu cha kwanza kitakachosikika ni kicheko. Cha pili ni swali: hawa wamerogwa?

Kicheko hicho kina sababu mbili. Ya kwanza ni pesa, na hiyo haina ubishi. Ya pili ni nzito zaidi. Tumezoea kuamini kwamba kusafiri ili kuona tu ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtu wa kwetu anaingia njiani kwa sababu ya biashara, mgonjwa, matanga au risasi zinazolia nyuma yake. Safari ya furaha, ya marafiki wanaocheka na kupiga picha, tunaiona kama aibu mbele ya njaa.

Mimi naona tofauti. Safari ya hao sita, hata isipofanyika kamwe, ina somo kwa Maniema nzima. Nepal haikupata wageni kwa sababu ya mlima peke yake. Ilipata kwa sababu ilijifunza, polepole na kwa makosa mengi, kumpitisha mtu njiani kwa bei inayojulikana na kuacha sehemu ya pesa kijijini. Sisi tuna vya kuonyesha. Kinachotufunga ni namna tunavyomtendea mtu aliye njiani, awe mgeni kutoka Ulaya au mama anayetoka Kindu na gunia lake la chumvi.

Nchi bila bahari, kijiji bila barabara

Watu wa Ituri wanawajua Wanepali. Kwa miaka mingi wamewaona wakiwa na kofia za buluu za Umoja wa Mataifa. Wachache wamejiuliza askari hao wanatoka nchi ya namna gani. Nepal haina bahari. Imebanwa kati ya majirani wawili wakubwa, India na China. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 29. Vijana wake wengi huenda kutafuta kazi Qatar, Malesia na nchi za Ghuba, kama vijana wetu wanavyokimbilia kwenye machimbo au Kinshasa. Si nchi tajiri.

Lakini mwaka 2019 iliwapokea wageni karibu milioni 1.2. Sehemu yao hufanya kile hasa ambacho marafiki wetu wa Kama wanakiota: wanakwenda kwa kikundi, watu wanne, sita au kumi, wanatembea siku nyingi wakilala katika nyumba za wenyeji.

Tuangalie njia yao. Kutoka Kathmandu, mji mkuu, wengi hupanda ndege ndogo mpaka Lukla, mita 2,860 juu ya usawa wa bahari. Uwanja huo ulijengwa 1964 kwa juhudi za Edmund Hillary, yule ambaye pamoja na Tenzing Norgay alifika kileleni mwa Everest tarehe 29 Mei 1953. Hakukuwa na mashine za kushindilia udongo. Hillary aliwaita Washerpa, wenyeji wa bonde lile, wakacheza ngoma yao ya kukanyaga chini mpaka ardhi ikawa ngumu. Sisi kazi ya namna hiyo tunaiita salongo, na hatuhitaji kufundishwa.

Kutoka Lukla, gari haliendelei mpaka Everest. Njia ni ya miguu tu. Mchele, mafuta ya taa, bia, mbao, mabati, vyote vinapanda kwa mgongo wa mtu au wa mnyama. Siku ya pili kikundi kinafika Namche, mita 3,440, mji wenye soko la kila wiki. Hapo wanapumzika siku moja ili mwili uzoee hewa nyepesi, kwa maana anayekimbia kupanda anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kufa. Sheria ya kikundi ni moja: mnakwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Baada ya siku nane hivi wanafika kwenye kambi ya chini ya mlima, mita 5,364.

Mtu wa Pangi akisikia hayo hawezi kushangaa. Mzigo kwa mgongo, baiskeli inayosukumwa kwenye tope, soko linalosubiri mtu aliyetembea siku mbili: hayo ndiyo maisha yake. Tofauti ni kwamba kule, njia hiyo ngumu ndiyo inayomlisha mwenyeji. Anayeuza chai, anayepika wali na dengu, anayebeba begi, anayeongoza, anayekodisha kitanda, wote wanapata kitu kwa kila kikundi kinachopita. Basi tunaposema "tusubiri barabara kwanza", tunasema kweli nusu. Barabara ya Kindu kwenda Pangi tunaidai, na tuna haki ya kuidai. Lakini Lukla na Namche zinaonyesha kwamba ubaya wa njia peke yake haumfukuzi mgeni.

Kinachomfukuza ni nini?

Kibali kimoja, risiti moja

Anayeingia bonde la Everest analipa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa hifadhi ya taifa ya Sagarmatha, iliyoanzishwa 1976: rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni, kama dola ishirini na kitu. Mara ya pili ni kwa serikali ndogo ya pale pale, ambayo tangu 2017 inakusanya ada yake yenyewe badala ya kusubiri mgao kutoka Kathmandu. Bei inajulikana, mahali pa kulipia panajulikana, unapewa karatasi, na karatasi hiyo inatosha. Katika eneo la Annapurna, ambako mradi wa hifadhi ulianza 1986, ada ya wageni imesaidia kutengeneza njia, shule na maji ya vijiji.

Sasa tugeuze macho. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na wenzao wa Denmark walihesabu mabariere ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walipata 798. Mengine ni ya waasi, mengine ya jeshi, mengine ya polisi na watu wa kodi, na mengine ni kamba tu iliyofungwa na mtu mwenye njaa. Hesabu hiyo haikuhusu Maniema, lakini nani kati yetu anahitaji mtafiti amwambie? Anayetoka Kindu kwa pikipiki kuelekea Kama anajua anavyoandaa noti ndogo ndogo mfukoni kabla ya kuondoka. Hiyo ndiyo trakaseri: unalipa bila kujua unalipia nini, na ukilipa hapa haikusaidii kule mbele.

Kuna kisa cha Nepal kinachopaswa kutuchoma. Kati ya 1996 na 2006 nchi hiyo ilikuwa vitani. Waasi wa Kimao walipigana na serikali ya mfalme, na zaidi ya watu 13,000 walikufa; hesabu nyingine zinafika 17,000. Katika miaka hiyo waasi walisimama kwenye njia za milima na kuwatoza wageni. Walikuwa wanyang'anyi, hakuna la kuwasifu. Lakini walitoa risiti, na mgeni aliyekutana na kundi jingine la waasi mbele aliionyesha akaachwa apite. Waasi wa msituni walijua kwamba ukimkamua mtu kila kilomita, kesho hatapita tena. Je, sisi tunaojiita serikali, utawala na sheria, tunashindwa na waasi kwa karatasi?

Na tusidhani ugonjwa huu unaanzia kwenye kamba ya njiani. Marafiki wetu sita, kabla hata ya kuona ndege, wangehitaji pasipoti. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilionyesha kwamba pasipoti ya Kongo, iliyouzwa dola 185, ilikuwa kati ya zile za bei kali kuliko zote duniani, na kwamba hazina ya serikali ilibaki na dola 65 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikwenda kwenye makampuni ya nje. Bei ilishushwa baadaye, mwaka 2020, mpaka dola 99. Lakini kwa miaka ile, mwalimu wa Kama aliyetaka kwenda kusoma au kutibiwa nje alilipa bariere lake la kwanza kabla ya kutoka nyumbani.

Bhutan, jirani wa Nepal katika Himalaya, imechagua njia nyingine kabisa. Ilifungua milango kwa watalii 1974, na tangu mwanzo ilitaka wachache wanaolipa vizuri. Mwaka 2022 iliwadai wageni wa mbali dola 200 kwa kila usiku. Mwaka uliofuata ikashusha mpaka 100. Ni pesa nyingi. Lakini inatangazwa wazi, inalipwa mara moja, na serikali inasema inakwenda kusaidia matibabu na shule ambazo raia hawalipii. Mtu anaweza kukubali au kukataa. Hakuna anayekutana nayo ghafla gizani, mahali ambapo hana la kufanya.

Wabebaji walipokataa

Sisemi Nepal ni paradiso. Mwaka 2018 ilifichuliwa kwamba baadhi ya waongozaji na makampuni walikuwa wakiwaita helikopta wagonjwa wasiohitaji, ili kugawana pesa za bima. Wengine walishukiwa kuwatia wageni kitu kwenye chakula ili waharishe. Tamaa haina kabila. Everest yenyewe ilijaa takataka mpaka serikali ikaamua, 2014, kwamba kila kikundi kinachopanda kiweke dhamana ya dola 4,000, irudishwe tu ikiwa kila mpandaji ameshuka na kilo 8 za taka.

Lakini kisa kikubwa ni cha tarehe 18 Aprili 2014. Barafu liliporomoka juu ya njia ya Everest na kuua Wanepali 16 waliokuwa wakibeba mizigo na kutengeneza njia kwa ajili ya wageni. Serikali, iliyokuwa ikikusanya mamilioni ya dola kwa vibali, ilitoa kwanza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400, kwa ajili ya mazishi. Washerpa walikasirika. Hawakuchoma kitu. Walikataa tu kupanda. Wageni waliolipa maelfu ya dola walifungasha na kurudi nyumbani, na msimu ule upande wa Nepal ukafa. Baada ya hapo bima ya mfanyakazi wa mlimani ilipandishwa mpaka kama dola 15,000.

Hili linawahusu wote wanaobeba Maniema. Mbebaji wa mzigo, msukuma baiskeli, dereva wa pikipiki, mwenye mtumbwi kwenye Lualaba: bila hao hakuna chumvi Kama, hakuna sabuni, hakuna dawa katika kituo cha afya. Hata hivyo ndio wanaokamuliwa zaidi, kwa sababu kila mmoja anasimama mbele ya kamba akiwa peke yake. Washerpa walishinda kwa sababu walisimama pamoja siku moja, kwa utulivu, wakiwa na dai moja linaloeleweka.

Vya kuonyesha tunavyo

Mtu atasema: wao wana Everest, sisi tuna nini? Nitataja machache ambayo hayana shaka.

Tuna msitu ambao sayansi bado inaujifunza. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakizunguka katika bonde la mto Lomami walimkuta Opala, katika jimbo jirani la Tshopo, nyani mdogo aliyefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walikuwa wakimwita lesula tangu zamani. Wanasayansi hawakuwa wamewahi kumwandika. Walimtangaza rasmi mwaka 2012. Miaka minne baadaye, 2016, ikaundwa hifadhi ya taifa ya Lomami, inayogusa Tshopo na Maniema, nyumba ya lesula, bonobo na okapi. Ni vijana wangapi wa Kindu wamewahi kuiona?

Tuna Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, ambako Livingstone mwaka 1871 aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni, mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Tuna Kasongo, mji wa Tippu Tip, mtu ambaye baadaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Lugha hii tunayosomea makala hii ilifika Maniema kwa njia hizo hizo, pamoja na pembe za ndovu na minyororo. Mwanafunzi wa Pangi anayesimama Nyangwe akitazama mto anajifunza kwa saa moja kitu ambacho kitabu cha shule hakimpi kwa mwaka.

Na tuna Bwami ya Warega. Kwa vizazi, wazee walipanda daraja baada ya daraja mpaka kindi, wakifundishwa kwa methali, ngoma na sanamu ndogo za pembe na mbao jinsi mtu mwema anavyoishi na wenzake. Wabelgiji waliipiga marufuku 1948. Leo, anayetaka kuona sanamu nyingi za wazee hao anakwenda Tervuren, Ubelgiji, au kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Watu wanalipa tiketi ya ndege ili waone kazi ya mikono ya babu zetu, na mjukuu anayekaa Pangi hajawahi kuiona.

Hapa Himalaya inatupa onyo pia. Si kila kitu kinauzwa. Nepal imefunga mlima Machapuchare, ambao ni mtakatifu kwa wenyeji. Hakuna anayeruhusiwa kupanda kileleni. Bhutan ilikataza kabisa kupanda milima yake mirefu, na Gangkhar Puensum, wenye zaidi ya mita 7,500, unabaki bila mguu wa mtu juu yake. Wageni wanaendelea kuja, na wanaheshimu. Basi wazee wa Bwami ndio wanaopaswa kusema nini mgeni aone, nini asikie tu, na nini kisitajwe kamwe. Utalii unaoanza kwa kuwapita wazee ni wizi wa pili baada ya ule wa wakoloni.

"Vita iishe kwanza"

Najua jibu linalokuja. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Pangi inapakana na Shabunda, walikozaliwa Raia Mutomboki. Nani aje vakansi katikati ya haya? Ni kweli. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwalika mgeni aje kufa, na sisemi tufungue ofisi ya watalii kesho asubuhi.

Lakini tazameni tena Nepal. Mwaka 1999 ilipokea wageni 491,000. Vita vilipopamba moto, mwaka 2002, walishuka mpaka 275,000. Amani iliposainiwa 2006, nyumba za wageni zilikuwa bado zimesimama, waongozaji walikuwa bado wanajua njia, na bei zilikuwa zinajulikana. Ndiyo maana watu walirudi na kuzidi. Baada ya tetemeko la Aprili 2015, lililoua karibu watu 9,000, walirudi tena. Nchi isiyoandaa chochote wakati wa shida haina cha kufungua siku amani ikifika.

Na majirani hawatusubiri. Rwanda, kwenye milima ile ile ya volkano tunayopakana nayo, inamtoza mgeni dola 1,500 kumwona sokwe kwa saa moja tangu 2017, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi inarudi kwa wanaoishi pembeni yake. Virunga yetu, hifadhi ya kwanza barani Afrika, iliyoanzishwa 1925, ilifungiwa wageni 2018 baada ya Waingereza wawili kutekwa na mlinzi mmoja mwanamke kuuawa, na tangu hapo haijapata miaka ya kupumua. Familia za sokwe ni za milima hiyo hiyo. Pesa zinabaki upande mmoja.

Tuanzie wapi

Kwanza, tuanze sisi kwa sisi. Nepal na Bhutan ni mbali, lakini likelemba la vakansi si wazimu. Marafiki sita wa Kama wakikusanya kwa mwaka mmoja wanaweza kwenda Kindu, kuvuka Lualaba, kufika Kasongo na Nyangwe, kulala kwa wenyeji na kulipa chakula, mwongozaji na mtumbwi kwa bei waliyokubaliana mapema. Kwaya zetu zinasafiri hivyo kwenda kwenye makongamano. Timu za mpira zinasafiri hivyo. Tunachokosa ni kuona kwamba hata nchi yetu yenyewe inastahili kutazamwa. Mwenyeji akizoea kumpokea Mkongo mwenzake anayelipa vizuri, siku mgeni wa mbali akija atajua la kufanya.

Pili, serikali ya jimbo ibandike orodha. Kwenye kila mahali halali pa malipo kati ya Kindu na Pangi kuwe na ubao: nani anatoza, kiasi gani kwa franga, kwa sheria ipi, na risiti inafika mpaka wapi. Kituo kisicho kwenye orodha ni wizi, na kiondolewe. Hili halihitaji pesa za mfadhili. Linahitaji sahihi ya gavana na wabunge wa jimbo wanaofuatilia. Anayefaidika kwanza si mtalii. Ni mama wa chumvi.

Tatu, sehemu ya kinachokusanywa njiani ibaki Pangi na ionekane. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 175, inawapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Tunaijua kwa kichwa kwa sababu tumeidai kila mwaka. Lakini tunavyoinyooshea Kinshasa kidole, tuulize pia: kile kinachokusanywa katika wilaya yetu wenyewe kimejenga daraja gani? Serikali ndogo ya bonde la Everest haikusubiri Kathmandu. Iliweka meza, ikaandika bei, ikatoa risiti.

Nne, wanaobeba waungane. Chama cha wasukuma baiskeli na madereva wa pikipiki chenye dai moja, "lipa mara moja, risiti mpaka mwisho wa njia", kitapata masikio kuliko barua mia za mtu mmoja mmoja.

Wanaowacheka vijana wanaoota Himalaya waache kwanza. Ndoto ya kwenda mbali ndiyo inayomfanya mtu aulize kwa nini karibu pako hivi. Kijana anayejua kwamba kuna kijiji kisicho na gari ambacho watu wa dunia nzima wanalipa ili wakifikie kwa miguu, hatakubali tena kuambiwa kwamba Kama imesahauliwa na Mungu. Atauliza kamba ile njiani ni ya nani, na pesa zake zinakwenda wapi. Swali hilo lina haki ya kujibiwa kabla ya msimu ujao wa mvua, njia itakapokuwa tope tena na kila anayepita atakapolipa mara mbili: kwa tope, na kwa watu.